Jina la Bibi Feza Halimegwi

Hapo zamani, na si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, redio za kaseti zilipokuwa bado zinaimba madukani, palikuwa na mwanamke Ujiji aliyeitwa Maua binti Mfaume, ambaye alipewa siku moja ya kuchagua mama mpya.

Msicheke. Nimesema mama, na Maua alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, meno mawili yameshamtoka. Lakini ukoo wake ulikuja na desturi yake kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na desturi yenyewe ni hii. Mwanamke mkubwa wa ukoo akifa, jina lake haliendi kaburini naye. Linangoja siku arobaini. Siku ya arobaini, kabla jua halijazama, binti wa marehemu anachukua kitenge cha marehemu na kumfunika mwanamke mmoja wa nyumba ile. Mmoja tu, maana jina si mkate wa kumega. Aliyefunikwa ndiye marehemu. Akikohoa, watu watasema Bibi amekohoa. Mume wake mwenyewe atamwita bibi. Na binti wa marehemu, hata kama aliyefunikwa ni mtoto aliyemzaa mwenyewe kwa uchungu wake, atapiga goti mbele yake, na tangu hapo mpaka afe atamwita mama. Jua likizama hakuna aliyefunikwa, basi jina limeondoka, moto wa nyumba kubwa unazimwa, na kila mtu anashika njia yake.

Marehemu alikuwa Bibi Feza, na waliolitaka jina walikuwa watatu. Sasa nawajua ninyi, hamkawii kuchagua upande. Tulieni kwanza mumjue huyo Bibi Feza.

Feza alizaliwa Katubwe, kijiji cha ng'ambo, enzi ambazo kila kaya kule ililazimishwa kulima pamba, na asiyefikisha kipimo alilazwa chini akachapwa mbele ya watoto wake. Mume wake, Mfaume, alichapwa mara mbili. Siku aliyoitwa mara ya tatu, Feza alisema, "Hawakugusi tena." Akamfunga mtoto wao Songolo mgongoni, akamshika mume mkono, wakaomba nafasi katika mtumbwi wa watu wa dagaa. Mama yake aliwasindikiza mpaka ufukweni. Akavua bangili yake ya shaba, akamvisha binti yake.

"Utarudi lini?"

"Chikichi za mwaka huu hazijaiva, nitakuwa nimesharudi. Nakuahidi, mama."

Ahadi ni deni, wenyewe mnasema. Lakini Feza hakurudi mwaka ule. Mvua za pili zilipokuja, Songolo alishikwa na homa akafa, na mama gani anayeacha kaburi bichi la mwanawe akaenda zake? Kisha akazaliwa Mrisho. Kisha akazaliwa Maua. Kisha Mfaume akaanguka kutoka juu ya mchikichi akikata mkungu, akafa pale pale, na Feza akabaki na watoto wawili katika mji ambao watu walimwita "yule wa ng'ambo".

Unajua alifanya nini? Eda ilipokwisha, alichukua kamba ile ile ya Mfaume, akajifunga kiunoni, akapanda mchikichi. Wanawake wa Ujiji wakashika midomo.

"Wewe! Mwanamke hapandi mchikichi!"

"Tumbo la mtoto halijui hilo," akajibu kutoka juu, na mkungu ukadondoka karibu na miguu yao.

Alichemsha chikichi kwenye pipa, akatwanga, akakamua mawese, akalea. Mrisho alipofariki baada ya miaka mingi na kuacha watoto wawili, Bibi Feza aliwakusanya wale nao, akalea.

Lakini kilichomfanya ajulikane mji mzima ni siku ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala, wazawa wake wote na wake zao na waume zao walitakiwa wafike uani kwake ahesabu vichwa. Na hakuhesabu kwa macho, alihesabu kwa mkono. Alipita akimgusa kila mmoja utosini, wa kwanza Maua, wa mwisho kitoto kichanga: moja, mbili, tatu. Mijibaba yenye ndevu iliinama iguswe. "Nilivuka na watu wawili, nikawazika wote wawili," alikuwa akisema. "Sasa nahesabu."

Idrisa, mtoto wa Mrisho, alipopata kazi kwenye chumvi kule Uvinza alikosa Ijumaa tatu mfululizo. Bibi hakutuma barua. Alifunga mihogo yake ya kuchoma kwenye kanga, akafuata reli kwa miguu siku mbili, akamkuta Idrisa amesimama na wenzake kwenye chumvi, akamgusa utosini, akasema, "Kumi na nne," akageuka kurudi Ujiji. Hata maji hakunywa. Wenzake walimwita Idrisa "Kumi na Nne" mpaka alipoacha kazi, na tangu siku hiyo hakukosa Ijumaa tena.

Ndiyo maana siku ile watu walitetemeka. Ijumaa moja Bibi Feza alihesabu akafika kumi na nane. Nao walikuwa kumi na saba. Wakasema amekosea, arudie. Akarudia: kumi na nane. Maua akautazama mkono wa mama yake, akaona umesimama mahali pasipo na mtu, kwenye hewa tupu, kimo cha mtoto wa miaka miwili.

"Songolo," Bibi alisema, "simama vizuri."

"Mama," Maua alisema, "Songolo alikufa kabla mimi sijazaliwa."

Bibi Feza akapiga yowe, yowe la mtu aliyeletewa maiti dakika ile. Akaomboleza siku tatu, hali, hanywi. Siku ya nne akaamka vizuri, akakunja mkeka, akauliza, "Songolo yuko wapi?"

Maua akatoka uani. Na hapa niwaambie jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu: tangu siku hiyo alimwogopa mama yake. Alikuja kwa kuchelewa, akaondoka mapema. Akisikia tu anaulizwa lile swali, alikumbuka ana nguo juani. Miaka sita Bibi Feza aliumwa usahaulifu ule, na miaka sita Maua alikuwa na nguo juani. Waliosimama mahali pake walikuwa watatu wengine.

Wa kwanza alikuwa Sauda, binti wa Maua mwenyewe. Sauda alikuwa ameshachumbiwa na fundi wa reli wa Tabora, na mahari yameshajadiliwa. Akamwambia mchumba, "Nisubiri, bibi yangu apone." Mchumba akasubiri mwaka, Bibi hakupona, mchumba akaoa kwingine. Sauda alibaki. Alimwogesha Bibi, akamlisha, akamfulia, akambeba mgongoni mpaka hospitali na kumrudisha mgongoni. Mgongo wake ulipinda kabla hajafika miaka thelathini.

Wa pili alikuwa Nyamwiza, mke wa Idrisa, mtu wa milimani huko Kasulu. Alipoletwa Ujiji akiwa bi harusi alikuwa hajui mtu hata mmoja, na alilia siku mbili. Siku ya tatu Bibi Feza alimwita uani. "Wewe mgeni, mimi mgeni," alimwambia. "Njoo tupukuchue chikichi." Wakapukuchua miaka kumi, na miaka kumi Bibi alimsimulia maisha yake yote, siku kwa siku, kijiji kwa kijiji. Wajukuu wa damu walikuwa wapi? Walikuwepo! Lakini walishayasikia hayo wakiwa wadogo, wakapiga miayo. Bibi aliposahau yote, Nyamwiza alikuwa nayo yote.

Kila asubuhi Bibi alimuuliza, "Eti mimi ni nani?"

"Wewe ni Feza binti Lumona. Umezaliwa Katubwe, nyumba ya tatu kutoka mtoni."

"Nikafanya nini?"

"Ukavuka ziwa. Ukapanda mchikichi."

"Mimi? Mwanamke?"

"Wewe, bibi."

"Watu wakasemaje?"

"Walishika midomo."

Hapo Bibi alicheka mpaka machozi, na siku ile yote alikuwa mtu mzima anayejijua. Kesho yake wakaanza upya. Na alipouliza Songolo yuko wapi, Nyamwiza alimjibu, "Amevuka ziwa kwenda kumwamkia bibi yake. Atarudi." Bibi akaridhika. Uongo? Ndiyo, ulikuwa uongo.

Wa tatu alikuwa Mwamvua, dada yake Idrisa, mwanamke mrefu, mkali, asiyeweza kukaa mahali pamoja hata akiwa mgonjwa. Yeye hakuwa na subira ya kuogesha wala ya kusimulia. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba Bibi, kila jioni, hutazama ng'ambo na kusema, "Chikichi zimeiva. Mama ananingoja." Mwamvua akafikiri. Akaona huyu hasumbuliwi na usahaulifu peke yake, anasumbuliwa na ahadi. Akamfuata Nyamwiza, akamuuliza jina la kijiji, jina la mto, jina la mama yake Bibi. Nyamwiza akamwambia kila kitu bila kujua anaulizwa kwa nini. Kisha alasiri moja Bibi akisinzia, Mwamvua akamvua ile bangili ya shaba, akatoweka. Hakuaga, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na vita, na angeaga angefungiwa ndani.

Ijumaa ikafika. Bibi akahesabu. Kichwa kimoja hakipo. Akaushika mkono wake, bangili nayo haipo. Akalia kwa sauti ya kitoto.

"Mwamvua yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Nyamwiza, kwa mazoea yake ya kumtuliza, akasema, "Amevuka ziwa, bibi. Atarudi."

Bibi Feza akafuta machozi. Akatafakari. "Songolo amevuka," akasema. "Mwamvua amevuka. Basi na mimi niwafuate." Wakadhani ni maneno tu. Asubuhi yake alifunga kanga mbili, akateremka ufukweni, akaingia ziwani anatembea, na hakusimama. Wafua nguo walipiga kelele. Sauda alikuja mbio, akajitosa na nguo zake, akamkuta maji yamefika kidevuni, akamvuta kwa nywele mpaka nchi kavu.

Tangu siku hiyo Sauda alimfunga. Ndiyo, mmesikia. Kila alipokwenda kisimani au jikoni alichana kitambaa, akakisokota kamba, akamfunga Bibi kifundo cha mguu kwenye nguzo ya baraza. Bibi alivuta. Mguu ukachubuka, ukafanya kidonda, kidonda kikaacha kovu. "Nyapara!" Bibi alimpigia kelele mjukuu wake, maana hilo ndilo jina la aliyewasimamia kwenye pamba. "Nyapara, nifungue! Mume wangu hajafanya kosa!" Na Sauda alilia huku anakaza fundo. Miezi saba.

Mwezi wa saba Mwamvua alirudi. Alirudi amekonda, anachechemea, mikono mitupu, na kaseti moja ameifunga kwenye pindo la kanga. Katubwe alikuta majivu. Aliwafuata watu wa Katubwe milimani walikokimbilia, akiuliza kila kambi, akijificha mchana na kutembea jioni, mpaka akampata mdogo wake Bibi Feza, kikongwe aitwaye Faida. Faida hakumwamini. Wakati wa vita nani anaamini mgeni? Mwamvua akatoa bangili. Kikongwe aliishika, akaikumbatia kifuani, na hakuirudisha tena, kwa kuwa mama yao alipokufa aliacha neno kwamba bangili ile ikirudi ifukiwe kwenye kaburi lake. Kisha Faida akaongea ndani ya kaseti, kwa redio ya kuazima pale kambini.

Waliiweka kwenye redio uani, na Bibi amefungwa pale pale kwenye nguzo. Sauti ikatoka, sauti ya kizee, ya ng'ambo kabisa:

"Feza, dada yangu. Ni mimi Faida. Mama hakukukasirikia. Siku ya kufa alisema: Feza asirudi. Kama amepata watu huko aliko, basi huko ndiko kwetu. Chikichi tulivuna, dada. Pumzika."

Bibi Feza akasema, "Irudieni." Wakairudia. "Irudieni." Wakairudia mara tisa. Kisha akanyoosha mguu wake. "Nifungueni." Sauda akamfungua, na watu wote wakasimama tayari kumkimbilia. Hakwenda popote. Alikaa mkekani, akaomba mihogo. Tangu siku hiyo hakuutazama tena upande wa ziwa.

Ijumaa ya pili baada ya hapo hakuweza kusimama. Sauda alimpakata. Redio iliwekwa karibu, Faida anaongea kwa sauti ndogo. Nyamwiza alimsimulia sikioni, kutoka nyumba ya tatu kutoka mtoni mpaka uani pale. Na watu walipita mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, akawagusa. Alianza na Maua. Alimaliza na kichanga. Kumi na saba. Mkono haukwenda kwenye hewa tupu.

"Nimefika," akasema. Akafa.

Haya. Siku ya arobaini dua zilisomwa, pilau ikaliwa, shehe akashiba akaaga haraka, maana mambo ya mila hakutaka kuyaona. Maua akasimama uani ameshika kitenge cha mama yake. Jua lilikuwa limeshainama. Akasema, "Anayelitaka jina aseme."

Sauda alisimama. "Mimi sina maneno, nina mikono. Bibi alisema amefika. Angefika vipi kama angekuwa amelala chini ya ziwa? Nilimtoa majini. Nilimpakata mpaka pumzi ya mwisho. Mimi ndiye niliyemfikisha." Akakaa.

Mwamvua alisimama, na yeye maneno alikuwa nayo. "Sauda aliushika mwili, na namshukuru. Lakini mwili ulikuwa pale na roho iko Katubwe! Miaka sita mmemwogesha mtu ambaye hayupo. Nani alikwenda kuileta roho? Nimepita kwenye risasi. Nimelala juu ya makaburi ya watu nisiowajua. Mguu huu hautanyooka tena mpaka nife. Mlifungua kamba nilipokuja mimi, si kabla. Kila jioni aliposema chikichi zimeiva, alikuwa ananiagiza niende nikamchukue, hata kama hakunitaja jina. Nami nikamleta, ndipo akasema amefika."

Nyamwiza hakusimama. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshaanza kunong'onezana: huyu si damu, huyu mke wa watu, jina litoke nje ya ukoo? Idrisa mume wake akamwinamia, akamwambia, "Sema." Ndipo akasimama.

"Mtu asiyejijua hafiki," alisema. "Anafika nani? Niliwarudishia bibi yenu kila asubuhi, kwa miaka sita, tangu mwanzo. Mwamvua, wifi yangu, njia ya Katubwe ulionyeshwa na nani? Leo mtoto akiuliza Bibi Feza alikuwa mtu gani, nani hapa atamjibu? Mtaanza, mtakwama. Mtakuja kuniuliza mimi."

Maua alikuwa anasikia kila neno linamwingia. Akataka kuongea, lakini mtani alimwahi. Ukoo ule ulikuwa na mtani wao, Mnyamwezi mmoja mzee aitwaye Kashindye, na mnajua wenyewe, mtani msibani hana adabu na haombwi awe nayo. Alikuwa amekalia kinu cha marehemu makusudi, anatafuna nyama ya mwisho ya pilau.

"Mnanifurahisha sana," Kashindye alisema. "Sauda mwenye mikono! Wanawake walioosha maiti waliona kovu la kamba. Miaka hamsini na kitu Feza yuko Ujiji, kumbe mpaka anakufa bado kuku mgeni, hakosi kamba mguuni! Na aliyemfunga ni mjukuu wake. Alikimbia nyapara wa ng'ambo akamzaa wa kwake."

Sauda alifunika uso.

"Usilie, sijamaliza. Mwamvua mwenye miguu! Nani alimpeleka bibi yako ziwani? Ungeaga, kichwa kisingepungua. Ungemwachia bangili yake, asingelia. Umemwibia mgonjwa, halafu unadai urithi. Na wewe wa Kasulu, mwenye ulimi! 'Amevuka ziwa, atarudi.' Mtu mzima ukimdanganya kwamba wanawe wako ng'ambo, ulitaka akae? Ulimsukuma majini kwa maneno matamu. Mikono imefunga, miguu imetoroka, ulimi umedanganya. Feza angekuwa hai angewachapa wote watatu kwa mwiko, na mimi ningemshikia wa tatu."

Watu walicheka, kisha wakainamisha macho, maana mtani hakuwa amesema uongo.

Maua akafikiria. Akawaita wale watatu wapige magoti mbele yake. "Kila mmoja anijibu swali moja," akasema. "Nisipokupa wewe, nimpe nani?"

Mwamvua alijibu upesi. "Mpe Sauda, shangazi. Jina linataka mtu anayekaa, na mimi najijua."

Sauda alijibu polepole. "Mpe umtakaye, mama. Usimpe Mwamvua tu. Bibi aliililia ile bangili mpaka sauti ikamkauka, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye, si yeye."

Nyamwiza alimtazama Maua usoni. "Mimi sina jibu la pili, shangazi. Nipe mimi."

Uani pakachafuka. "Hana haya!" "Mke wa watu!" Lakini bibi mmoja wa Ujiji, rika la marehemu, akacheka kwa pua. "Feza naye hakuwa na haya," akasema. "Mimi nilikuwa chini ya mchikichi siku ile. Mkungu nusura unipate."

Maua akawapima moyoni mmoja mmoja. Akimpa Sauda? Watu watasema amempa mwanawe, na yeye atapiga goti mbele ya mtoto aliyemnyonyesha, mtoto aliyemfunga mama yake kama mbuzi. Lakini asingemfunga, wangezika maji. Akimpa Mwamvua? Atakuwa na mama anayeondoka bila kuaga, na Ijumaa nani atahesabu? Lakini bila Mwamvua, mama yake angekufa anavuta kamba kuelekea ng'ambo, na neno "nimefika" lisingetoka. Akimpa Nyamwiza? Jina la Katubwe litakwenda kwa mtu wa Kasulu, kwa ulimi uliosema uongo. Lakini huo ulimi ndio pekee uliobaki na Feza mzima ndani yake, na Feza mwenyewe alikuwa mtu wa kuja.

Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, mbele ya mtani.

"Mimi ndiye binti. Kumwogesha kulikuwa kwangu, kumsikiliza kulikuwa kwangu, kwenda Katubwe kulikuwa kwangu. Nilimwogopa mama yangu. Nilimkimbia mama yangu miaka sita, na alinihesabu wa kwanza mpaka siku ya mwisho. Sitakimbia tena. Nitakayemfunika leo nitamwogesha akizeeka, nitamsikiliza akirudia maneno, na akivuka ziwa nitavuka naye. Wallahi nitavuka naye."

Hata Kashindye aliacha kutafuna. Alinyanyuka kutoka kwenye kinu.

Jua limeshagusa milima ya Kongo. Limebaki upana wa vidole viwili. Wanawake watatu wamepiga magoti, wameinamisha vichwa, na hakuna hata mmoja anayesogea. Maua yuko mbele yao, machozi yanamtoka na hayafuti, na magoti yake mwenyewe yameshaanza kukunjika. Aliyeshika mwili, aliyekwenda kuleta neno, au aliyetunza maisha?

Semeni, ninyi mliokaa mnanitazama, na mseme haraka maana vidole viwili si vingi. Nani alistahili? Maua ana mama mmoja tu wa kupewa tena hapa duniani: je, apige goti mbele ya nani?